Hotpoti ya Ijumaa na Maneno ya Kaburini

Admin, nifichie jina, maana huku Bujonde kila mtu ni ndugu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa mpunga na kokoa. Mume wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Ijumaa alikwenda Talatala kumwombea mjane mmoja mgonjwa. Wali wa huyo mjane nilipika mimi, mchele mpya wa shambani kwetu, nikaupakia kwenye hotpoti nyekundu. Nilijua najiwekea hazina mbinguni. Kumbe namlisha mke mwenzangu!

Siku anakata roho alinishika mkono akasema, "Mama, usilie sana. Nakutangulia tu, tutaonana mbinguni." Jamani, neno hilo ndilo lililonishikilia. Nilipalilia kokoa peke yangu nikijua kuna mtu ananingoja.

Miezi mitatu baadaye akaja mwanamke na hotpoti yangu. Si bibi kizee wala si mgonjwa; ana miaka thelathini hivi, na binti mdogo mwenye mwanya uleule wa mume wangu. Na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, alikijaza ndizi mbivu. Akapiga magoti, akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, dada. Ndaga, asante kwa chakula chako. Baba wa huyu mtoto aliniambia unajua, na umeridhia."

Nikamuuliza mara ya mwisho mume wangu alimwambia nini. Akainama. "Alisema nisilie, tutaonana mbinguni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia. Tangu siku hiyo kusali kwenyewe kwa shida. Tunafundishwa huko hakuna kuoa wala kuolewa, sasa anatungoja wawili wa nini? Nikiwaza amefika, nakasirika: kumbe na waongo wanapita? Nikiwaza hakufika, nakosa usingizi, maana sitaki aungue. Nimeishi naye miaka thelathini.

Jumamosi hii tunajengea kaburi, lipo nyuma ya nyumba kwenye migomba. Watoto hawajui kitu. Mkubwa wao ameshamwagiza fundi aandike kwenye saruji, "Tutaonana mbinguni, mkeo mpendwa." Nikikataa wataniuliza sababu, na baba yao wanamheshimu mno. Nikikubali, nitayasoma kila asubuhi nikienda kukata ndizi.

Nishaurini ndugu zangu, fundi aandike nini? Na msiniambie nisamehe tu. Niambieni nikifika huko nimsalimie au nimpite.