Bunduki Namba Ishirini

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na nimesahihisha makosa ya kila aina. Kosa kubwa kuliko yote nililiacha lipite. Lilifanywa na kijiji kizima, mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa mbele yao na daftari la mkutano mapajani. Nililiacha kwa sababu ya bega la baba yangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumekwisha kukusanywa kwenye kijiji kimoja upande wa Mollo, na shamba la kijiji lilikuwa mteremkoni, mahindi huku, ulezi kule. Nyani walilipenda sana shamba lile. Shamba la mtu binafsi lina mwenyewe, akiwasikia atakurupuka na mawe. Shamba la kijiji lilikuwa la wote, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba mwenzake amekwisha kwenda kuwafukuza. Nyani waliielewa siasa hiyo mapema kuliko sisi. Mwishowe halmashauri ya kijiji ikaamua inunuliwe bunduki na ateuliwe mlinzi, na mlinzi huyo asamehewe kulima.

Baba alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Alikuwa mwindaji wa gobore tangu ujana wake, na hakuna aliyempinga. Walichokuwa hawakijui, au nilivyodhani hawakijui, ni kwamba gobore lilikuwa limemkomesha. Mwaka uliotangulia alimkosa nguruwe pori mmoja mara mbili, akapandwa na hasira, akashindilia baruti ya kutosha kuvunja mwamba. Nguruwe alikwenda zake salama. Mfupa wa bega la kulia la baba ndio uliovunjika. Watu aliwaambia ameanguka na baiskeli, na kwa kuwa hatukuwa na baiskeli, alisema ni ya rafiki yake wa Kipili, kule ziwani, mbali kiasi kwamba hakuna ambaye angekwenda kuuliza.

Mfupa uliunga vibaya. Mama alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mimi nikaapishwa nisiseme. Kuinua jembe kulimtoa machozi. Na siku zile mtu asiyelima alikuwa na jina lake: kupe. Lilitamkwa mkutanoni, kwa sauti, wakwe zake wakisikia. Baba alikuwa radhi afe kuliko kuitwa hivyo. Ulinzi ndio uliokuwa mlango wake pekee, ila mlinzi hupiga bunduki, na bunduki hurudi nyuma ikampiga mwenyewe begani.

Nilikuwa katibu wa halmashauri, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nikatumwa niende naye Sumbawanga, yeye achague, mimi niandike. Tulipanda lori la mbolea, na kibali cha polisi nimekishonea ndani ya mkoba.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake uliuza kila kitu mjini, kuanzia kanga hadi tairi. Tukaamkiana, tukaulizana habari za mvua, ndipo akatoa bunduki mbili akazilaza juu ya kitambaa. Zote zilikuwa za marisau, zote za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa namba kumi na mbili, namba ambayo kila mtu anayo. Nyingine ilikuwa nyembamba, imechongwa maua pembeni. Ilikuwa namba ishirini.

Baba akaanza na ile kumi na mbili. Aliikunja, akachungulia mitutu kuelekea mlangoni, akainusa, akaifunga, akaiweka begani. Uso wake ulibaki na heshima zake, lakini sikio la kulia lilicheza. Nilimjua vizuri baba yangu. Sikio lile lilicheza hata alipotiwa dawa kwenye kidonda.

“Kitako chake kirefu,” alisema.

“Mzee wangu,” akajibu mwenye duka, “hicho kitako hakijawahi kulalamikiwa na mtu.”

Akachukua ya pili. Ikapanda yenyewe mpaka begani, ikatulia. Baba akaishusha, akaipandisha tena, akanigeukia akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya nguruwe. “Hii ina adabu,” alisema.

Mwenye duka alikuwa mwaminifu mno, jambo ambalo siku ile halikutusaidia. Alieleza kwamba namba za bunduki huenda kinyume. Hapo zamani walihesabu risasi za mviringo zinazopatikana kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Ukitengeneza kumi na mbili, ni nene. Ukitengeneza ishirini kwa ratili hiyohiyo, lazima ziwe ndogo. Kwa hiyo ishirini ni ndogo kuliko kumi na mbili, nyepesi, na hairudi nyuma kwa nguvu. “Hii aliiagiza mzungu mmoja mpima ardhi,” aliongeza, “kwa ajili ya mkewe. Wakahama kabla haijafika.”

Baba ghafla akavutiwa sana na tairi zilizoning'inia darini.

“Na risasi zake, mzee wangu, ni hizi paketi mbili tu. Za kumi na mbili zinapatikana kila pembe. Hizi zikiisha, tutaangaliana mimi na wewe.”

“Tunaichukua,” akasema baba.

Tuliporudi garini nilimuuliza kwa upole kama niandike habari za yule mke wa mpima ardhi. Alinitazama kama aliyetukanwa. “Mama,” aliniambia, maana ndivyo alivyoniita alipotaka kitu, “wewe andika namba. Watu wanataka namba.”

Ndipo likatokea kosa la hesabu. Kijiji jirani kilikuwa na bunduki yake, namba kumi na mbili, na kilikuwa kimeturingia nayo msimu mzima. Mwenyekiti alipokea taarifa yangu, akaisoma kwa sauti, akafika kwenye namba, akairudia. Kisha akavua kofia.

“Mwalimu, ishirini toa kumi na mbili?”

“Nane, Ndugu Mwenyekiti.”

“Tumewazidi kwa nane!”

Vigelegele vikapigwa. Wazee wakapeana mikono. Baba alisimama katikati, bunduki ya mke wa mpima ardhi mkononi, akipokea pongezi kwa unyenyekevu ulionikera. Nami, mwalimu wa hesabu, nikaandika: nane.

Lazima niseme haki: aliifanya kazi vizuri. Bunduki ile ilimpenda. Alikuwa hapotezi risasi, na nyani wakahamishia siasa yao kwa majirani. Mahindi yalipoanza kukomaa tukawa hatujaibiwa hata bunzi. Lakini paketi mbili ni paketi mbili. Wiki chache kabla ya mavuno zikaisha, mwenye duka akaleta salamu kwamba sasa tunaangaliana, na nyani, ambao nadhani walikuwa na mtu wao mjini, wakarudi.

Mwenyekiti, bila kutushauri, akaomba msaada kwa jirani. Wakaja wakiwa ujumbe mzima, pamoja na mlinzi wao, wakiwa na risasi sita za kumi na mbili na hamu kubwa ya kuiona hiyo ishirini yenye sifa. Kijiji chetu chote kikatoka. Nilimwona baba akipauka. Nikajisogeza karibu naye, sijui ili nifanye nini.

“Pakia, mzee,” mwenyekiti alisema. “Kama mtutu wetu ni mkubwa, hizi zitatumbukia zenyewe.”

Baba aliikunja bunduki, akachukua risasi, akaiweka kwenye tundu. Haikuingia. Ilikaa pale mlangoni, nene, wazi kabisa, kila mtu akiiona. Akaisukuma kwa kidole gumba. Akajaribu mtutu wa pili. Mlinzi wa jirani akaanza kutabasamu.

“Lakini jamani,” alisema, “kumi na mbili ndiyo kubwa kuliko…”

“Zimevimba,” mwenyekiti akamkata. Aliitoa ile risasi mkononi mwa baba, akaigeuza, akalikagua ganda lake la karatasi kwa huzuni. “Mnazihifadhi wapi?”

“Ghalani, lakini…”

“Ghala lenu linavuja.”

“Linavuja,” akadakia bibi mmoja nyuma yetu, ambaye hakuwahi kuliona ghala hilo. “Karatasi ikila unyevu huvimba,” akasema mwingine. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa uso mkavu, mpaka wageni wakaanza kuziangalia risasi zao kwa mashaka. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia kesho kila nyumba itatoa mtu mmoja wa kupiga madebe shambani, na mlinzi ataendelea kuwaongoza na bunduki yake, maana nyani hawajui kama ina kitu ndani.

Wageni walipoondoka nilimfuata na daftari. Niliuliza, kwa sauti ya katibu, kama niandike kwamba zimevimba.

“Andika.”

“Mwenyekiti, ulikuwa unajua?”

“Namba nimeijua leo. Bega nililijua zamani. Mwalimu, wewe ulikuwa darasani. Sisi tulilima na baba yako mwaka mzima kwenye mstari mmoja. Nani unadhani alikuwa anamalizia matuta yake?” Alivaa kofia yake. “Tulikuwa tunapokezana. Mwambie mama yako aache kwenda kuteka maji ya kukandia kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Njia ya mbele ni fupi.”

Nilimtazama baba kule uwanjani, akiwaeleza wazee madhara ya unyevu, bunduki tupu ikiwa kwenye bega la kushoto, nao wakimsikiliza kwa makini na kuitikia. Nilimwonea huruma, nikawapenda wale watu wote kwa pamoja, nikalia palepale mbele ya mwenyekiti. Yeye alingoja nimalize, kisha akaniuliza kama nimeandika.