Mkeka wa Severa

Severa hakuwa mtu wa kugombana. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Gerezani sote tulishakoseana kwa zamu, mara kamba ya nguo, mara nani kaacha choo bila kumwaga maji. Severa, Mchaga wa Kibosho, yeye alichukua ndoo yake akangoja. Upole ule ulikuwa unaniudhi mimi, muuza vitumbua mwenye mdomo mrefu. Nilimwambia, "We Severa, utakanyagwa mpaka lini?" Akacheka tu.

Kitu alichokilinda kwa wivu ni kimoja, mti wa mumewe uitwao mreteni. Onesphory alikuwa mtunza bustani Oysterbay, na mzungu wake alipofunga virago, alimruhusu achukue tawi lililokwisha kuota mizizi. Mti wenyewe ni jamii ya mitarakwa ya kwao mlimani, ila huu haupandi juu. Unalala chini na kutambaa, kijani mwaka mzima. Onesphory aliuleta kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaujengea tuta la kokoto na mchanga uani, penye jua kali. Akatuonya wote kwamba hautaki maji mengi, kwani mizizi ikilowa inaoza. Watu wa pwani tukamcheka. Mti gani unaogopa maji? Lakini ukatambaa, ukafunika tuta zima, nasi tukauita mkeka.

Vita vya Kagera vilipoanza, Onesphory akaitwa pamoja na mgambo wenzake. Akaitwa pia Mrisho, mtoto wa pekee wa mama mwenye nyumba wetu, Bi Sitara. Wakaondoka pamoja. Pale mlangoni Onesphory alimwambia mkewe, "Nitunzie mkeka. Nikirudi niukute umefika ukutani." Nadhani alikosa la kusema. Severa aliyashika maneno yale kama kiapo.

Kisha mkeka ukaanza kufa. Katikati pakageuka rangi ya kutu, ukigusa majani yanapukutika. Severa alikuwa mtu wa kanisani, mambo ya ramli hakuyataka. Lakini niliona anavyoutazama ule mti, kisha anageukia redio ya ukumbini inaposoma habari za vita. Nilijua anawaza nini, na mimi nikaogopa vilevile.

Aliyekuwa anauua tulimjua. Tangu Mrisho aondoke, Bi Sitara alihamishia kigoda chake kando ya tuta, na udhu wa kila swala aliuchukulia pale. Maji yaliyobaki kwenye birika aliyamimina shinani polepole, midomo ikichezacheza. Alipoona majani yanazidi kukauka, akaongeza kopo jingine. "Maskini, una kiu," aliuambia.

Sasa nani amwambie? Mwenye nyumba, mtu mzima, aliyemwita Severa mwanangu na kugawana naye hata sukari ya foleni. Halafu Mkristo amkataze Mwislamu udhu wake! Mimi na mdomo wangu wote nilinyamaza. Severa alikuwa akisikia birika linagonga sakafu, anafumba macho.

Alasiri moja hakuweza tena. Bi Sitara aliinamisha birika, Severa akamshika mkono.

"Mama, basi! Unaniulia!"

"Nakuulia nini?"

"Mkeka. Maji yanauozesha. Onesphory alisema."

Bi Sitara aliutazama ule mkono mpaka Severa akauachia.

"Maji ninayojitakasia kwa ajili ya Mungu wangu, Severa, kwako wewe ni sumu?"

"Si hivyo, Mama! Hata ya mvua yanauua. Hata ya paroko! Nisamehe. Ukifa huu, mimi..." Akaangua kilio.

Bi Sitara alibeba kigoda chake akaingia ndani. Nikajua kesho godoro la Severa liko barabarani.

Halikutoka. Magharibi ilipofika, mama wa watu alikwenda kutawadhia karibu na choo, penye harufu na utelezi. Akaendelea hivyo. Shikamoo ya Severa ya asubuhi aliijibu "marahaba" kavu, akapita. Siku moja nilimpelekea vitumbua nikajaribu kumtetea mwenzangu. Akanikatiza.

"Pale nilikuwa nawaombea, Sophia. Kila tone nawataja wote wawili. Wangu na wake."

Nilimweleza Severa. Alikaa chini, kitenge usoni. Lakini mkeka nao ulikuwa umeanza kutoa vichipukizi upande wa ukutani, kwa hiyo hakwenda kumwomba arudi. Simlaumu. Na mimi nisingekwenda.

Vita vikaisha. Adhuhuri moja Onesphory aliingia, kakonda, shati linamwelea. Severa akapiga yowe. Bi Sitara alitoka mbio chumbani, akatazama mlangoni, nyuma ya Onesphory. Aliendelea kutazama. Onesphory akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akamshika miguu.

Matanga ya Mrisho yalipokwisha na wageni wameondoka, kwa adhana ya alasiri Bi Sitara alitoka na birika, akaelekea kule chooni kama alivyozoea. Alikuwa anajishikiza ukutani. Severa aliinuka, akaingia chumbani kwa mama huyo bila hodi, akatoka na kigoda. Alikiweka kando ya mkeka, juu kabisa ya vile vichipukizi.

"Njoo hapa, Mama."

"Utakufa mti wako."

"Njoo hapa."

Bi Sitara alikaa. Birika lilikuwa tupu, kwa huzuni alisahau kulijaza. Onesphory alilipokea kutoka mkononi mwake, akaenda bombani, akalijaza mpaka juu.