Vigingi Vilivyopikia Ugali

Niliondoka Kondoa asubuhi bila mpango. Shule nilishaiacha, banda la mitumba nililokuwa nikisaidia limefungwa, na lori la alizeti lilikuwa na nafasi juu ya magunia. Mchana likanishusha pembeni mwa Dodoma, kwenye mtaa wa nyumba za serikali.

Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya maofisa wa kuhamia makao makuu. Nyumba zilitazama uwanja wa katikati na kuipa barabara mgongo. Maofisa wengi hawakuja. Uwanjani pakaota miiba, na barabara nyingine zikabaki vigingi vya mti vya wapimaji vumbini.

Nilibisha mlango mmoja baada ya mwingine nikitafuta chumba. "Unabisha jikoni, kijana," mwanamke mmoja alinicheka. "Zunguka mbele, nako hakuna chumba."

Mwisho wa mtaa palikuwa na nyumba ya udongo, ukutani alama ya X nyekundu. Mama mtu mzima alikaa kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuvunja?"

"Natafuta chumba."

"Kipo. Wenzako wakiiona hiyo rangi hawasimami hata kusalimia."

Nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilivipikia ugali vile vigingi vya barabara. Vikavu, vimechongwa, vimejipanga mlangoni kwako, na kuni ziko mbali kule. Wote tulivipikia. Mstari ulipopotea, marehemu mume wangu akajenga hapa. Kumbe tumejenga katikati ya barabara." Akatema mate pembeni. "Sasa wapimaji wamerudi na vigingi vya chuma. Haya, mwambie mtu apikie chuma."

"Si wakupe kiwanja kingine?"

"Wamenionyesha. Mimi nitahama. Na yule?"

Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, palikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe. Kwao mume huzikwa nyumbani.

"Nangoja ndugu zake waje tumhamishe," alisema. "Katapila lisiwatangulie, basi. Nyumba tupu ndizo wanazoanza nazo. Wewe lala bure, ila nikitoka, usitoke."

Nikakubali. Nilikuwa sina pengine, na kwa kweli nilitaka kujua itaishaje.

Kabla sijaweka mfuko chini, alishabeba ndoo. Alikwenda kisimani nusu akikimbia, kitambaa cha kichwani kikimfunguka. Ndani, mtungi ulikuwa mkavu hadi chini. Nikakaa kizingitini pake, katikati ya barabara isiyokuwepo, nikisikiliza kama kuna mngurumo.