Siku Mama Alipomtaja Askari Aliyekula Kwetu

Mdogo wangu alipovuka mpaka kwenda Somalia na jeshi mara ya kwanza, mama alinikataza kuwaambia majirani. Alisema kazi ya mtoto si habari ya kupelekwa sokoni. Tunaishi Satellite, mtaa wa Nairobi, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu wa chekechea, na aliyetuuliza tulimjibu kwamba kijana yuko kazini, basi.

Likizo yake ya kwanza alikuja na mwenzake wa kikosini, kijana wa upande wa Kakamega. Alikaa kwetu siku nne kabla ya kuendelea na safari ya kwao. Siku ya kwanza alikula chapati tisa, na mama akafurahi kama aliyepewa tuzo. Siku ya pili alipanda juu ya paa akaziba bati lililokuwa likivuja tangu mvua za mwaka uliopita. Alimwita mama "Mathe", kama vijana wa mjini wanavyowaita mama zao, bila kuomba ruhusa.

Miezi kadhaa baadaye kambi yao ilishambuliwa. Serikali ilikiri kwamba askari wetu wamekufa, lakini haikusema wangapi. Redioni na mtandaoni kila mtu alikuwa na hesabu yake. Wapo waliosema vita vimezidi miaka kumi, vijana warudi nyumbani. Wengine walisema tukiondoka, adui atatufuata hadi mjini.

Ofisini kwetu Kilimani mjadala ulikuja na chakula cha mchana. Mwenzangu mmoja, mtu mwema tu, alisema akitafuna, "Lakini si walijiandikisha wenyewe? Hiyo ni kazi kama kazi ingine." Wengine wakakubali. Mimi sikuwa nimesikia sauti ya ndugu yangu kwa siku mbili. Nilifunika chakula changu, nikarudi kwenye meza yangu.

Siku ya tatu mdogo wangu alipiga simu. Mama aliipokea jikoni, akasikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya debe la unga.

"Yuko mzima," aliniambia. "Mwenzake hayuko."

Tulikwenda kumzika Kakamega. Mama yake yule kijana alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyetushika mikono yote miwili na kutuuliza kitu kimoja tu: kama sisi tulijua mwanawe alikufaje. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba alianguka akiwa kazini. Hatukujua.

Wiki mbili baadaye kulitangazwa mkutano wa hadhara katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, wananchi waje wazungumze kuhusu vita na vifo vya askari. Mama alisema anakwenda. Alivaa sare yake ya kina mama wa kanisa, na kitambaa cheupe kichwani.

Ukumbi ulijaa. Afisa mmoja wa serikali alieleza kwamba idadi ya waliokufa haitajwi ovyo, kwa kuwa adui hufurahia kuisikia. Mwanaharakati akamjibu kwa ukali, watu wakapiga makofi, wengine wakazomea. Ndipo mama akainua mkono, akauweka juu hivyo hivyo, mpaka akapewa kipaza sauti.

"Mama, una dakika mbili," mwenyekiti alisema.

"Zinatosha," mama alijibu. "Nimeita rejista miaka thelathini. Mtoto asipoitika, mwalimu haendelei na somo. Anauliza yuko wapi."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mathe, kwani unataka warudi ama wabaki?"

"Mimi si jenerali, mwanangu. Na wa kwangu yuko huko sasa hivi, akifanya kazi aliyotumwa. Wanaojua vita wabishane kuhusu vita. Mimi namjua kijana aliyekula mezani kwangu akanizibia paa. Alikufa, na mama yake hajaambiwa alikufaje."

Akayataja majina ya kijana huyo yote matatu, polepole, kama anavyoyataja mtu anayetaka yaandikwe vizuri. Kisha akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama akataja jina la mwanawe. Halafu mwanamke mwingine, la mumewe. Walifika saba. Kufikia jina la tatu, yule afisa alikuwa amesimama, amevua kofia. Mimi nilikuwa nimeushika mkoba wa mama mapajani, nikimtazama kwa pembeni, na kifua changu kikajaa fahari.

Mlangoni afisa alimsubiri. "Mama, leo sikuja na jibu," alisema.

"Nimeona," mama alimwambia. "Lakini umesimama. Asante."

Idadi haijatangazwa mpaka leo. Ila baadaye mama wa Kakamega alitupigia simu. Maafisa wawili walikuwa wamefika kwake, wakaketi, wakamweleza kwamba mwanawe alikuwa tayari ametoka kwenye moshi, akarudi kumvuta askari mwingine aliyejeruhiwa. Yule askari alipona. Sijui kama ni mkutano ule uliowapeleka. Mama huyo alilia kwenye simu, kisha akacheka kidogo, akasema mwanawe alikuwa hivyo tangu utotoni, hasikii akiitwa arudi.

Mdogo wangu alikasirika mwanzoni, rekodi ya mkutano ilipomfikia. "Mathe, umeniweka pabaya na wakubwa," alilalamika simuni. Alipokuja likizo alikuwa amebadilika. Alituambia askari wenzake walisikiliza sauti ya mama kwenye simu, wakipokezana, na mmoja akasema kumbe huko nyumbani tunajulikana.

Sasa Jumamosi mchana sebule yetu hujaa wazazi na wajane wa askari walioanza kumjia mama baada ya mkutano, wengine kutoka mitaa mingine kama Loresho. Hawakubaliani. Wiki iliyopita baba mmoja alisema vijana waondoke huko kesho, na mjane aliyeketi karibu naye akamuuliza kwa sauti ya chini mumewe basi alikufia nini. Mama aliwaacha wote wawili wamalize. Kisha akaenda jikoni, akaniita nimsaidie kubeba chai.