Sabuni ya Babu Kimanzi

Babu yangu, Kimanzi, ni mchongaji, na sabuni za lojing, zile nyumba za kulala wageni, humfanya atokwe na vipele viganjani mpaka kushika kisu kunamshinda. Kwa hivyo kabla ya kwenda Nakuru kuchonga milango ya kanisa, aliketi mlangoni petu hapa mtaani Tena, akaikwangua sabuni yake ya nyumbani kwa kisu cha kazi. Vipande vilianguka vyembamba kama maganda ya kitunguu, kila kimoja cha kuoga mara moja tu.

"Babu, hiki umekiwekea masikio!"

"Mkono umezoea twiga," akasema, akavianika kwenye gazeti.

Shosho, mkewe, akacheka. "Utaoga na mbuga nzima, mzee!"

Asubuhi, alipokwisha kuondoka, nikaona kopo mezani limejaa vipande vyeupe. Wah! Kazi hiyo ya kanisa ameingoja mwaka mzima. Nikampigia simu nikihema.

"Babu, umesahau sabuni!"

"Hebu nusa."

Nikanusa. Kumbe ni nta ya kung'arishia vinyago, ambayo pia huikwangua hivyo hivyo.

"Sabuni iko mfukoni, mjukuu wangu. Twiga wote wamo."

Nikakaa sakafuni, nikacheka peke yangu.