Beverlyne na Kazi Zilizolala

Ukimwona Beverlyne Nyamusi akishuka ngazi za ofisi yao mjini Kisii, utadhani ametoka kubeba matofali. Kumbe siku nzima ameketi. Mama yake anaugua kule Nyaramba; kila jioni Beverlyne huenda kumgeuza kitandani na kumlisha uji, kila asubuhi hurudi mjini macho mekundu. Amechoka jamani, tena si mchoko wa kulala ukaisha.

Kazi yake nayo, hata kanisani alishindwa kuieleza. Kampuni yao husafirisha majani ya chai kutoka vituoni, wakulima wanakoyapeleka kupimwa, na kazi za makarani wote, zake zikiwamo, hupangwa kwenye kompyuta. Mwaka huu wakaleta akili mnemba isaidie kuzipanga, na watu wa ofisi wakaiita Roboti. Roboti ilipewa vifaa ndani ya programu: cha kufungua kazi, cha kumkumbusha mtu, cha kufunga kazi. Beverlyne ndiye aliyeviandikia maelezo, kila kimoja kinafanya nini na kitumike lini. Roboti haina macho wala jirani wa kumuuliza. Inasoma maneno hayo tu, ndipo ijue ishike kipi.

Kwa kile cha kufunga, aliandika jioni moja mkoba ukiwa tayari begani: "Tumia kifaa hiki kufunga kazi ambazo hazijaguswa kwa siku kadhaa, na kumpa mtu mwingine kituo." Akaenda zake kwa mama.

Sasa, mzee Masese, karani wa kituo cha Nyacheki, akafiwa na mkewe. Nani huku kwetu asiyejua mambo ya msiba? Jirani akifa, hakuna anayechuma chai, hakuna anayepima, mpaka marehemu azikwe. Huombi ruhusa kwa mtu. Habari hufika zenyewe. Ofisini wote walijua. Roboti peke yake ndiyo haikujua, na nani angekumbuka kuiambia?

Siku ya mazishi, aliyeongoza shughuli alikuwa akisoma rambirambi zilizoingia kwenye simu ya Masese. Anasoma moja, watu wanaitikia amina. Simu ikalia tena, naye akaendelea kwa ile ile sauti ya upole: "Ndugu Masese, kazi zako zimefungwa kwa kuwa hazijaguswa. Kituo chako kimepewa mtu mwingine. Asante kwa huduma yako."

Wawili watatu walishaitikia amina kabla hawajaelewa. Nyasae, Mungu wangu! Masese alitazama tu jeneza. Beverlyne alikuwa amesimama nyuma, leso kichwani, na aibu ilimshika mpaka akatamani ardhi immeze.

Jumatatu alimwendea msimamizi wao, Ondieki, kabla hata ya kuweka mkoba chini.

"Madam Beverlyne, mfumo umeshaamua," Ondieki akasema. "Nikimrudisha Masese, kila karani aliyefungiwa atakuja hapa kulia."

"Mfumo haukuamua chochote, bosi. Mimi ndiye niliyeandika, tena niliandika nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mzee wa watu amefutwa kazi mbele ya jeneza! Mrudishie kituo chake, la sivyo niandikie na mimi hiyo asante kwa huduma."

Ondieki alikuna kidevu. Naye alikuwapo mazishini, na yeye pia aliitikia amina.

"Haya, andika upya," akasema. "Nitaiambia Roboti ikague kazi zote zilizolala. Ikielewa, Masese anarudi."

Beverlyne akaketi. Safari hii hakuandika kama anayemwandikia mtu wa Kisii. Aliandika kama anayemwelekeza mgeni aliyeshuka leo na hajui kwetu tunaishije: "Kifaa hiki humwondoa mtu kituoni kwake. Kikishatumika, yeye mwenyewe hawezi kujirudisha. Usikitumie kwa sababu tu kazi hazijaguswa. Kwanza mwombe msimamizi ampigie mwenye kazi simu, amuulize kama yuko salama. Huenda amefiwa. Huenda anauguza."

Hapo kwenye neno la kuuguza mkono ulisita kidogo. Akaliacha lilivyo.

Mchana ulikuwa umesogea simu yake ilipolia. Ni Ondieki, kutoka chumba cha pili.

"Roboti haijafunga hata moja," akasema. "Masese nitampigia sasa hivi arudi kituoni."

"Asante, bosi." Alishusha pumzi, akaegemeza kichwa ukutani.

"Lakini ngoja. Imeniomba nikupigie wewe kwanza. Inasema kazi zako zimelala tangu wiki jana. Beverlyne, uko salama?"

Tangu mama augue, watu wote humuuliza mama anaendeleaje, si yeye. Alifungua mdomo aseme wako sawa, kama anavyowajibu siku zote, na machozi yakamtangulia.

"Hapana, bosi," akasema. "Siko salama. Nimechoka."