Maji ya Dirishani kwa Ba

Jumapili, tarehe 8 Februari 2009. Theluji ya wiki iliyopita imebaki vipande vichafu kando ya barabara, na baridi haijapungua.

Mwanangu, jana nilikusikia ukiongea kwenye simu na mwalimu wako wa kemia. Ulimjibu ndiyo, ndiyo, nimeelewa, kwa kile Kiingereza chako cha haraka. Kisha ukakata simu, ukalaza kichwa juu ya kitabu. Nilikuwa mlangoni na nguo za kukunja. Sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na hakika kama ni langu kusema. Mimi si msomi, na sijui kama umri wangu umefika wa kutoa nasaha. Lakini asubuhi hii, nilipokuwa nafuta kioo cha jikoni, imenirudia siku moja ya zamani nyumbani kwa Ba. Nimeona heri niiandike, maana nikisema huwa unaangalia saa.

Ba hukumjua. Alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, akiishi na mwanawe na mkwewe kule Queensbury, huku huku kwa Waingereza. Nyumba nzima walimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na mimi nikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla hujazaliwa, nilikuwa naenda kwake kila siku kumsaidia kuoga, kupika na kunywa dawa, wenyewe wakiwa dukani. Tuliongea Kiswahili tu. Cha kwake kilikuwa cha Tanga hasa, na siku ya kwanza kilinitoa machozi, kwa jinsi kilivyofanana na cha bibi yangu wa Muheza.

Nisimpambe kupita kiasi. Miezi ya mwanzo kikombe changu kilikaa peke yake, rafu ya chini, mbali na vyao. Na mimi nisijipambe: nikirudi chumbani nilikuwa namwita bahili mbele ya wenzangu niliopanga nao, wakati alikuwa ananifungia chakula kila jioni. Kikombe kilikuja kupanda rafu ya juu, na hakuna aliyetangaza kitu. Nami nikaacha maneno yangu.

Nilitaka kuwa muuguzi. Kozi ya uuguzi ilidai cheti cha sayansi, na mimi sekondari niliiacha kidato cha pili, baba alipofariki. Kwa hiyo jioni mbili kwa wiki nilikwenda masomo ya watu wazima. Mwalimu wetu aliitwa Bwana Colin, mfupi, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Siku ya kwanza alipoingia darasani nilisimama. Wenzangu wote wamekaa, mimi nimesimama kama mlingoti, nangoja aniambie kaa. Na kila alipomaliza jambo akauliza kama tumeelewa, mimi nilijibu kwa sauti, "Ndiyo, mwalimu!" Kule kwetu darasa zima hujibu hivyo, na sauti yako inapotea katika za wenzako. Hapa ilikuwa yangu peke yake. Bwana Colin alitabasamu, akaendelea.

Nilikuwa sielewi. Nilinakili kila kitu ubaoni, nikakariri: mvuke ukipoa hugeuka maji. Ningeweza kukuimbia. Mtihani wa kwanza ulipokuja, maswali hayakutaka wimbo. Nikafeli vibaya. Bwana Colin akaniambia kwa upole kwamba nikifeli na wa pili, hataweza kunipendekeza kwa kozi ya uuguzi mwaka ule. Kisha akaniuliza kama kuna mahali ninapokwama. Unajua nilimjibu nini? "Hapana, mwalimu."

Sasa, kwa Ba kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni dirisha la jikoni. Kila asubuhi ya baridi lilikuwa limelowa ndani, maji yametuama kwenye ubao wa chini mpaka rangi inabanduka. Ba alisema mvua inapenya, nami nikakubali. Tanga wala Muheza hatukuwahi kuona kioo kinalia. Tukanunua gundi ya madirisha, nikaizungusha fremu nzima, nikaziba hata kile kitundu cha hewa cha juu. Maji yakazidi.

La pili ni kitabu. Macho ya Ba yalikuwa na ukungu, anangoja kupasuliwa. Siku moja aliniambia, "Mwanaidi, kila Mwingereza ananiuliza habari za India. Mimi India sijaikanyaga! Nimetoka Tanga nikaja hapa. Hebu niletee kitabu nijue hao wazee wangu walikuwa watu gani." Nikaazima maktaba kitabu cha watoto wa shule, chenye picha kubwa, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kiasi hicho. Nikawa namsomea namtafsiria huku sufuria ziko motoni.

Kilikuwa kinaeleza miji ya kale sana ya bonde la mto Indus. Matofali ya kuchomwa, yote ya kipimo kimoja. Mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, inapita kando ya barabara. Bwawa kubwa la kuogea lililopakwa lami lisivuje. Nilipomwambia kwamba mji wenye bwawa hilo leo uko Pakistani, alicheka. "Basi hata huko ningehitaji viza!" Na kuhusu bwawa alinionyesha dirisha kwa kijiko. "Wenzetu wameweza bwawa zima. Sisi dirisha moja limetushinda."

Siku ninayotaka kukuambia tulifika kwenye mihuri yao ya mawe, yenye picha za ng'ombe na ndovu, na juu yake alama za maandishi. Nikasoma, nikasita.

"Mbona umenyamaza? Usiruke," akasema Ba.

"Siruki, Ba. Wanasema maandishi haya hakuna mtu aliyeweza kuyasoma mpaka leo."

"Hakuna? Hata maprofesa?"

"Hata wao."

"Na wameandika hivyo kitabuni? Kwamba hawajui?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akapiga makofi kama mtoto. "Wasomi hao, na kofia zao, wamesema hatujui, na hakuna aliyewafukuza kazi!" Kisha akageuza uso, akanitazama na yale macho ya ukungu. Tangu nifeli alikuwa hajaniuliza chochote. "Wewe mwalimu wako anajua kwamba huelewi?"

Nikamwambia, "Ba, nitamwambiaje? Nikisema sijaelewa ni kama namwambia hajui kufundisha. Si adabu."

Hakupandisha sauti. "Mimi nimekaa dukani Korogwe miaka, nauza vitambaa. Mteja anayesema kizuri, kizuri, halafu anaondoka, simjui anataka nini. Anayesema hiki sikitaki, huyo namhudumia. Wewe unamnyima mwalimu kazi yake, halafu unaita adabu. Ni woga huo, mwanangu. Umeuvika kanga nzuri tu."

Nilichukia, nisikufiche. Nilisugua sufuria kwa hasira. Niliwaza, yeye anajua nini habari za darasani, hata la nne hakumaliza? Lakini ndani ya basi, njia nzima, nilikuwa nayarudia maneno yake.

Jioni ile somo lilikuwa tena lile la mvuke na maji. Bwana Colin alipouliza kama tumeelewa, nilisimama, kwa mazoea. Nikasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa." Kisha nikaona nimeshaanza, nikamweleza dirisha lote: mvua, gundi, kitundu cha hewa, na kwamba tulivyozidi kuziba ndivyo lilivyozidi kuvuja.

Nilingoja vicheko. Mwenzetu mmoja wa Kongo, baba mzima, akasema taratibu kutoka nyuma, "Na kwangu ni hivyo hivyo. Nimegombana na mwenye nyumba." Na mwingine akasema hata yeye.

Bwana Colin alitoka mbio. Akarudi na kopo la soda kutoka kwenye mashine, la baridi, akaliweka mezani kwangu. Tukalizunguka. Likaanza kutoka jasho. "Limetoboka?" akaniuliza. Akalifuta, jasho likarudi. "Haya, onja." Nikapitisha kidole, nikaonja. Halikuwa tamu. Yalikuwa maji matupu.

Mwanangu, nilisikia kitu kikifunguka kichwani. Maji hayakutoka ndani ya kopo, na ya Ba hayakutoka nje. Yalitoka hewani: mvuke wa sufuria zetu, pumzi zetu wenyewe, ukigusa kioo baridi unageuka maji. Na mimi nilikuwa nimeufungia ndani kwa gundi!

Kesho yake nilibandua gundi yote, nikafungua kile kitundu, na wakati wa kupika nikaacha dirisha wazi kidogo. Ba alijifunika shali mbili, akilalamika kwamba sayansi yangu itamuua kwa mafua. Lakini baada ya siku chache alipitisha kiganja kwenye ule ubao wa chini, akakuta pakavu. Akasema, "Mwambie mwalimu wako asante."

Mtihani wa pili nilipita. Alama hazikuwa za kujivunia, ila zilitosha, na kazi hiyo ya uuguzi ndiyo inayokulisha.

Basi nasaha yangu ni hii, na kama nimekosea utanisamehe. Kesho mpigie mwalimu wako, mwambie hukuelewa, na mwambie ni wapi hasa. Usiogope kumvunjia heshima; unampa mahali pa kuanzia. Na siku ukija kujua kuliko wengine, usione haya kuandika pale pasipojulikana kwamba hapajulikani, kama walivyofanya wenye kile kitabu. Mungu akupe walimu wenye subira, akupe na ulimi wa kuwauliza, na kila ulichofungiwa akufungulie.

Karatasi hii nitaiweka juu ya kitabu chako cha kemia. Jioni hii tumekula wali wa choroko na achari ya embe, kama alivyonifundisha Ba. Uliniuliza mbona jiko lina baridi. Nilikuwa nimeacha dirisha wazi kidogo.